Mafua ya mzio yasiyokwisha: jinsi ya kupanga matibabu ya miaka

Mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja ambaye kila alfajiri huamka akipiga chafya mfululizo, pua imeziba na kaakaa linamwasha, aghalabu huwa amekwisha kuizoea hali hiyo kiasi cha kuiita "mafua yangu". Usiku humeza kidonge cha Piriton, hulala fofofo, huamka na kichwa kizito, na mambo huendelea hivyo mwaka baada ya mwaka. Ukimwuliza anatumia dawa tangu lini, atakujibu kwamba yeye hatumii dawa, humeza tu kidonge pua inapozidi, kwa kuwa kila kimoja alikimeza kwa ajili ya usiku ule ule. Nami nilikuwa mtu wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka 10, na katika muda wote huo sikuwahi kukaa chini na kujiuliza: ikiwa pua hii itakuwa hivi mpaka uzeeni, nitaitunza kwa njia gani?

Mwongozo huu ni wa kumsaidia msomaji ajibu swali hilo. Msimamo wangu, ambao utauona katika kila hatua, ni kwamba ugonjwa wa miaka hutibiwa vizuri zaidi kwa njia ya wastani ambayo mtu ataifuata kila siku kuliko kwa njia bora ambayo ataiacha baada ya wiki tatu. Kwa hiyo kila kitu kilichotajwa hapa kipime mara mbili: kinasaidia kiasi gani, na je, fedha zako, muda wako na nyumba yako vitakiweza?

Hakikisha kwanza kwamba ni mzio

Mafua ya virusi kwa kawaida hukwisha ndani ya siku 7 hadi 10, na mara nyingi huja na homa, koo kuuma au mwili kuchoka. Mafua ya mzio hayana homa. Makamasi yake ni maji matupu, chafya huja kwa mkururo, na pua, macho na kaakaa huwasha. Hutokea pale kinga ya mwili inapotengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya kitu ambacho kwa watu wengine hakina madhara, kama vile kinyesi cha utitiri wa vumbi, chavua ya nyasi, mabaki ya mende au mate ya paka yaliyokaukia kwenye manyoya yake. Kitu hicho kikigusa utando wa pua, seli zilizobeba kingamwili hizo humwaga histamini na kemikali nyingine, na pua huvimba na kutiririka.

Pua inayoziba upande mmoja tu kwa wiki nyingi, makamasi yenye damu au harufu mbaya, na kupotea kabisa kwa uwezo wa kunusa ni mambo ya kupelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo kabla ya mpango wowote. Halikadhalika kifua: ukiwa unaamka usiku ukikohoa, ukisikia mluzi unapopumua, au kifua kikikubana baada ya kupanda ngazi, huenda una pumu pamoja na mzio wa pua, kwa maana magonjwa haya mawili hufuatana sana. Pumu ndiyo itangulie kupangiwa matibabu, na ieleweke kwamba tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaojulikana kwa kifupi cha GINA, umeacha kupendekeza kwamba mgonjwa ategemee dawa ya kuvuta ya salbutamoli peke yake.

Tenganisha pia mzio na mwasho wa kawaida. Moshi wa mkaa, udi, ubani, dawa ya mbu ya kuchoma na harufu ya rangi mbichi huichokoza pua ya mtu yeyote bila kingamwili kuhusika, na pua iliyokwisha kuvimba kwa mzio huchokozeka upesi zaidi. Hili halihitaji maabara. Udi ufukizwe sebuleni madirisha yakiwa wazi, chumba cha kulala kiachwe, na chandarua kichukue nafasi ya dawa ya kuchoma.

Andika daftari kwa wiki nne

Kabla ya kununua chochote, andika kila asubuhi kwa wiki nne: jana pua ilikusumbua kiasi gani kwa alama kutoka 0 hadi 10, ulilala vipi, ulikuwa wapi dalili zilipozidi, na ulimeza nini. Kazi hii inachosha, na wengi huiacha siku ya tano. Lakini bila daftari utamweleza daktari jinsi unavyojisikia siku ile ya kumwona, ambayo kwa mkosi huwa ndiyo siku pua imetulia.

Wataalamu hugawa mafua ya mzio kwa hesabu rahisi. Dalili zikikupata chini ya siku 4 kwa wiki, au kwa chini ya wiki 4 mfululizo, ni za vipindi. Zikikupata siku 4 au zaidi kila wiki na zikadumu wiki 4 au zaidi, ni za kudumu. Kisha huulizwa kama zinaharibu usingizi, masomo, kazi au mambo ya kila siku. Mwenye dalili za vipindi zisizomharibia kitu anaweza kufunga ukurasa hapa na kuendelea na kidonge cha kumeza anapokihitaji, ila achague kile kisicholeta usingizi. Mwenye dalili za kudumu zinazomkosesha usingizi ndiye anayehitaji mpango.

Daftari litakuonyesha pia mahali. Dalili zinazozidi kitandani na alfajiri, mwaka mzima, na kuongezeka wakati wa masika nyumba inapokuwa na unyevu, huelekeza kidole kwa utitiri wa vumbi na kuvu. Zinazozidi nje, katika miezi fulani tu, huelekeza kwenye chavua. Hapa jicho hudanganya. Wakazi wa Nairobi wengi huulaumu mjakaranda kwa sababu maua yake ya zambarau hutanda barabarani kuanzia Septemba hivi, lakini mjakaranda huchavushwa na wadudu, na chavua yake haisafiri mbali kwa upepo. Nyasi, ambazo maua yake hakuna anayeyatazama, hutegemea upepo kusambaza chavua nyepesi, na ndizo zinazostahili kushukiwa kwanza.

Upime au usipime?

Kipimo cha kuchoma ngozi ni chepesi: matone ya visababishi huwekwa juu ya ngozi ya mkono, ngozi huchomwa kidogo kupitia kila tone, na matokeo husomwa baada ya dakika 15 hadi 20. Kivimbe kinachozidi kile cha tone lisilo na kitu kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa kuwa dalili ya mzio. Dawa za kuzuia histamini huachwa wiki moja hivi kabla, la sivyo kipimo hudanganya. Kuna pia kipimo cha damu cha IgE, ambacho hakihitaji kuacha dawa.

Kwa maoni yangu si kila mtu ana haja ya kupimwa. Dawa ya kupuliza puani ni ile ile, uwe na mzio wa utitiri au wa nyasi. Kipimo kinafaa pale jibu lake litakapobadilisha uamuzi wenye gharama: kumtoa paka nyumbani, kubadili godoro, au kuanza tiba ya kuizoesha kinga ya mwili, ambayo nitaieleza baadaye. Na jibu lisomwe pamoja na daftari, kwa sababu mtu anaweza kuwa na kingamwili za IgE dhidi ya kitu kisichomdhuru kamwe. Mfano wa pwani ni huu: utitiri, mende na kamba wa baharini wana protini zinazofanana, na mwenye mzio wa utitiri anaweza kuonekana kwenye karatasi kuwa ana mzio wa kamba. Ikiwa umekula kamba miaka yote bila kuwashwa wala kuvimba, karatasi hiyo isikunyime kitoweo.

Epuka kabisa vipimo vya damu vya IgG dhidi ya orodha ndefu ya vyakula. Kingamwili za IgG huonyesha tu kwamba umewahi kula chakula hicho, na vyama vya madaktari wa mzio vya Ulaya na Marekani vimeshauri visitumike kutambua mzio. Nimeona mtu akikatazwa mayai, maziwa, ngano na nyanya kwa karatasi ya namna hiyo, naye pua yake ikaendelea kuziba vile vile.

Nyumba: peleka nguvu zako kitandani

Utitiri wa vumbi ni jamaa wa mbali wa ule unaosumbua kuku, ila wenyewe haung'ati mtu. Una urefu wa theluthi moja hivi ya milimita, hula magamba ya ngozi yanayotudondoka, na hunywa unyevu wa hewani kupitia mwilini mwake. Hustawi unyevu wa hewa unapozidi asilimia 60, na hufa ukishuka chini ya asilimia 50 kwa muda mrefu. Ushauri wa vitabu vya Ulaya, kwamba ukaushe hewa ya nyumba, kwa mtu wa Dar es Salaam au Lamu asiye na kiyoyozi hautekelezeki, na ni afadhali kulisema hilo wazi kuliko kumwacha ajilaumu. Kinachowezekana ni kupunguza, na mahali pa kupunguzia ni pale unapolaza uso wako kwa saa saba au nane kila usiku.

Anza na mto. Mto wa sufi wa miaka mingi, uliorithiwa na usioweza kufuliwa, ndio wa kwanza kuondoka. Badala yake weka mto unaofulika. Mashuka, foronya na blanketi vifuliwe kila wiki. Maji ya nyuzi joto 60 huua utitiri wenyewe, lakini hata maji ya baridi huondoa sehemu kubwa ya kinyesi chake, ambacho ndicho kinacholeta mzio, kwa hiyo asiye na mashine ya maji moto asikate tamaa. Jua kali husaidia kuua utitiri ulio juu juu, ila kinyesi hubaki ndani ya godoro. Ndiyo sababu kulianika godoro barazani ni jambo jema lakini halichukui nafasi ya kufua vinavyofulika. Chandarua husahauliwa na karibu kila mtu: hukusanya vumbi juu ya kichwa cha mlalaji na kulitikisa kila kinapofungwa. Kifuliwe mara kwa mara kwa sabuni laini, kisha kianikwe kivulini kama ni cha dawa, kwa kuwa jua huidhoofisha dawa yake. Kufagia kwa ufagio mkavu hurusha vumbi hewani; kitambaa chenye unyevu kinafaa zaidi, na mwenye mzio akipata wa kumfagilia, asione haya.

Mifuko maalumu ya kufunikia godoro na mto huuzwa kama dawa kamili, na bei yake si ndogo. Mwaka 2003 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha tafiti mbili, moja ya watu wazima wenye pumu na nyingine ya wenye mafua ya mzio, ambazo zote zilikuta kwamba mifuko hiyo ikitumiwa peke yake haikuleta nafuu iliyoonekana kwa wagonjwa. Ninaishauri kwa yule tu ambaye kipimo kimethibitisha utitiri, ambaye amekwisha kufanya mengine yote, na ambaye fedha hizo hazitamkosesha dawa. Vivyo hivyo mashine za kusafisha hewa: kinyesi cha utitiri ni kizito, hutulia chini mara mlalaji anapotulia, na mashine iliyo pembeni haikifikii.

Mende ni habari fupi. Chakula kifunikwe, takataka zitolewe usiku, mianya ya jikoni izibwe. Dawa ya kupuliza iwe ya mwisho, kwa sababu nayo inachokoza pua.

Dawa ya kila siku, na dawa za kukataa

Kwa mwenye dalili za kudumu, dawa inayoshinda nyingine ni ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ya kupuliza puani, kama vile flutikasoni, mometasoni au budesonidi. Neno steroidi huwatisha watu, na hofu hiyo ina asili yake, lakini kipimo kina maana. Mtu mzima anayepuliza flutikasoni mara mbili kila tundu, kwa mikrogramu 50 kila mpulizo, hupata mikrogramu 200 kwa siku, na sehemu ndogo sana ya hizo huingia kwenye damu. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 kina mikrogramu 5,000, na karibu zote huingia. Nguvu za dawa hizi hazilinganishwi kwa uzito tu, lakini tofauti hiyo inatosha kueleza kwa nini ya kwanza inaweza kutumiwa kwa miaka chini ya uangalizi, na ya pili haifai kutumiwa hivyo kwa ajili ya pua.

Wengi hupuliza vibaya, kisha husema dawa haifanyi kazi. Safisha pua kwanza, tikisa chupa, inamisha kichwa mbele kidogo, shika chupa kwa mkono wa kulia unapopuliza tundu la kushoto na kinyume chake, elekeza ncha upande wa jicho wala si kwenye ukuta wa katikati ya pua, bonyeza huku ukivuta pumzi polepole. Ukivuta kwa nguvu mpaka ukaonja uchungu kooni, dawa umeimeza. Pua ikitoa damu, mara nyingi ni kwamba mpulizo unagonga ukuta wa katikati. Pumzika siku chache, kisha rekebisha mwelekeo. Nafuu kamili huchukua hadi wiki mbili, kwa hiyo usiihukumu siku ya tatu.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi kabla ya dawa husaidia na gharama yake ni ndogo: maji robo lita yaliyochemshwa na kupoa, na chumvi chini kidogo ya nusu kijiko cha chai. Anayetawadha mara tano kwa siku atasema tayari anapandisha maji puani, na ni kweli, lakini maji matupu huchoma na ni machache mno kuosha ndani. Kwa kuosha kiasi hicho maji yasiyochemshwa yasitumike.

Vidonge vya kuzuia histamini vinafaa kwa kuwashwa na chafya kuliko kwa pua iliyoziba. Setirizini au loratadini, miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima, ndizo za kuchagua. Piriton, kwa jina lake la kitaalamu klorofeniramini, ni ya kizazi cha kwanza. Huingia kwenye ubongo, na athari yake huweza kubaki mpaka kesho yake. Dereva wa bodaboda, fundi wa umeme na mwanafunzi wa mtihani hawapaswi kuitegemea, hata kama wanahisi wameizoea.

Matone ya kuzibua pua yenye zailometazolini au oksimetazolini yana sifa ya kuifungua pua kwa dakika chache, na ndiyo hatari yake. Yakizidi siku 5 pua huvimba upya kila yanapoisha nguvu, na mtu hujikuta hawezi kulala bila chupa chini ya mto. Montelukasti, ambayo mara nyingi huuzwa ikiwa imechanganywa na dawa ya kuzuia histamini katika kidonge kimoja, ilipewa onyo zito na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2020 kwa sababu ya mabadiliko ya tabia, ndoto mbaya na mawazo ya kujiua kwa baadhi ya watumiaji. Isiwe chaguo la kwanza kwa mafua peke yake, hasa kwa mtoto.

Ninayoikataa kuliko zote ni "sindano ya aleji". Miaka kadhaa iliyopita nilichomwa moja katika duka la dawa ambalo sitalitaja, nikapumua vizuri kwa wiki tatu, nikarudi kwa furaha kuomba nyingine. Hakuna aliyeniambia kwamba ilikuwa steroidi ya kukaa mwilini. Sindano hizo zikirudiwa hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa, na huzifanya tezi za mwili zilale. Ukitaka kuchomwa kitu chochote kwa ajili ya mzio, uliza jina la dawa na uliandike.

Tiba ya kuizoesha kinga

Mwaka 1911 Leonard Noon, aliyefanya kazi katika hospitali ya St Mary's jijini London, alichapisha matokeo ya kuwachoma wagonjwa dondoo la chavua ya nyasi kwa vipimo vidogo vilivyoongezwa taratibu. Msingi huo ndio unaotumika hadi leo, kwa sindano au kwa dawa ya kuwekwa chini ya ulimi, na ndiyo tiba pekee ya mzio wa pua ambayo faida yake yaweza kudumu miaka baada ya kuiacha.

Gharama yake ni subira. Kozi huchukua miaka 3 hadi 5. Sindano huanza kila wiki kwa miezi kadhaa, kisha hufuata kila mwezi, na baada ya kila moja mgonjwa hukaa kituoni dakika 30, mahali penye adrenalini na mtu anayejua kuichoma, kwa sababu mshtuko wa mzio huweza kutokea. Haianzwi kwa mwenye pumu isiyodhibitiwa wala kwa mjamzito. Katika Afrika Mashariki hutolewa na wataalamu wachache, wengi wakiwa katika miji mikubwa, na dondoo lazima likae kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8.

Kabla ya kukubali, uliza mambo matatu. Je, kipimo kimeonyesha kisababishi kimoja kinacholingana na daftari lako, au kuna vitano visivyoeleweka? Je, dondoo litakalotumika ni la utitiri ulio nyumbani kwako? Katika nchi za joto kuna utitiri uitwao Blomia tropicalis, na dondoo la utitiri wa jamii nyingine, Dermatophagoides, linaloagizwa kutoka nje halifanani nao sana. Na je, dondoo hilo litapatikana mwaka wa tatu, au kozi itakatika njiani? Jibu la swali hili la mwisho likiwa la kusitasita, mimi ningebaki na dawa ya kupuliza.

Piga hesabu ya mwaka mzima kwa kila njia: chupa ngapi, nauli ngapi, siku ngapi za kazi utakazokosa, na bima yako inalipia nini. Mtu wa Masasi anayehitaji kusafiri hadi Dar es Salaam kila mwezi kwa miaka mitatu atafikia uamuzi tofauti na jirani wa kliniki, na wote wawili watakuwa sahihi.

Rudi mezani kila mwaka

Mzio hubadilika: watoto wengine hupata nafuu wakikua, mtu mzima hupata mzio mpya baada ya kuhamia mji mwingine, na mjamzito huhitaji kupitia upya dawa zote na daktari wake. Chagua wakati wa kujijaribu. Pwani ya kaskazini, Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua ni chache, ni majira yanayofaa. Ikiwa umekuwa na nafuu kwa miezi kadhaa, punguza mpulizo kutoka mara mbili hadi mara moja kila tundu kwa mwezi mmoja, ukiandika daftari kama mwanzo. Alama zikibaki chini, acha. Zikirudi kupanda ndani ya wiki mbili, rejea kwenye kipimo kidogo kilichokutuliza, nunua chupa za kukuvusha masika, na uandike tarehe ya kujaribu tena mwakani.